Dughulushi yenye majani mazuri na isiyotoa ua: uchambuzi wa kisa kimoja cha Dar es Salaam

Usuli

Kisa hiki ni cha mama mmoja mstaafu anayeishi ghorofa ya nne jijini Dar es Salaam. Nimeficha jina lake, mtaa wake na kazi aliyostaafu, naye ameridhia kiandikwe ili wengine wajifunze. Nitamwita Mama K. Mimi nina kitalu kidogo cha maua ya ndani, na watu huniita niwaangalizie mimea inapowashinda.

Mmea wenyewe ni dughulushi, lile ua dogo la zambarau lenye majani ya duara yenye manyoya laini kama mahameli. Wapo wanaoliita urujuani wa Usambara. Ni ua la kwetu kabisa. Porini linaota kwenye miamba yenye kivuli, kando ya vijito na makorongo ya Usambara, Nguru na Uluguru, pia Kenya kwenye milima ya Taita. Karibu na Tanga linaota hata maeneo ya chini, kwenye mawe ya chokaa. Mwaka 1892 afisa wa utawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, akalipa jina la kisayansi, Saintpaulia ionantha. Tangu hapo limezalishwa Ulaya na Marekani kwa maelfu ya aina. Mengi ya yale yanayouzwa leo kwenye vyungu ni machotara ya huko, na yamerudi kwetu yakiwa na karatasi za maelekezo zilizoandikwa kwa ajili ya nyumba za huko. Hilo la karatasi lina uzito katika kisa hiki.

Dughulushi ya Mama K ilianza kama jani moja. Dada yake anayeishi Lushoto alilikata na kikonyo chake, akalifunga kwenye kitambaa chenye maji, likashuka na basi hadi Dar. Likatoa mizizi ndani ya glasi ya maji, likapandwa, na baada ya miezi kama kumi mche ukatoa vikonyo viwili vya maua. Baada ya hapo hakukuwa na ua tena kwa miaka miwili na nusu.

Alichokuwa nacho kwa muda wote huo ni majani. Na yalikuwa majani ya kutamanisha: makubwa, ya kijani cha kuiva, yamejaa chungu na kumwagika pembeni. Wageni waliyasifia. Jirani yake mmoja alimwambia kwa nia njema kabisa kwamba mmea ule ni dume, kama mpapai dume, autupe atafute jike. Mama K alikataa. "Huu ni wa dada yangu," aliniambia. "Nitautupaje?"

Niliseme hili mapema, maana nimelisikia zaidi ya mara moja: dughulushi haina dume wala jike. Kila ua lina sehemu zote mbili. Zile punje mbili za njano katikati ya ua ndimo chavua ilimo, ule unga wa kiume, na kile kijiti kinachochomoza kando yake ndiyo sehemu ya kike. Mmea usiotoa ua umekosa kitu au umezidishiwa kitu. Jinsia haihusiki.

Hali niliyoikuta

Nilifika mwezi Februari, wakati wa joto kali, saa tano asubuhi. Tulisalimiana, nikaletewa maji, kisha nikaonyeshwa mmea. Ulikuwa juu ya rafu ya mbao kwenye kona ya sebule, kando ya televisheni, mita nne na nusu kutoka dirishani. Chungu kilikuwa cha kauri, kizuri, chenye kipenyo cha sentimita 22.

Nilianza kwa kuutazama bila kuugusa. Vikonyo vya majani vilikuwa virefu kuliko kawaida, na majani yote yaliinamia upande mmoja kuelekea dirishani, yameinuka kama viganja vya mtu anayeomba. Dughulushi yenye mwanga wa kutosha hulaza majani yake yakawa kama sahani. Ikiinua majani hivyo inatafuta mwanga.

Juu ya majani manne kulikuwa na alama za duara zenye rangi ya njano hafifu, kama mtu aliyeweka pete na kuiondoa. Nikamuuliza anamwagilia maji gani. Akasema anapokunywa maji ya friji hubakiza kidogo chini ya glasi, na hayo humpa mmea, kila siku, kwa juu. Ndiyo hizo pete. Tone la maji baridi kuliko jani linaua chembe za juu za jani pale linapotua, na alama haiondoki tena.

Kwenye ukingo wa chungu kulikuwa na ganda jeupe la chumvi. Vikonyo vya majani ya chini vilivyolalia ukingo ule vilikuwa vimelainika na kuwa kahawia pale vilipougusa. Maji ya friji yalikuwa ya chupa, lakini mara mbili kwa wiki msichana wa kazi aliunywesha kwa jagi maji ya bomba la jengo, nayo yanatoka kisimani. Ukiyaonja unajua.

Mbolea nayo ilikuwapo. Kijana wake analima mahindi nje ya mji, na alimletea mama yake kopo la urea. Kila mwisho wa mwezi Mama K alitia kijiko cha chai. Urea ni naitrojeni asilimia 46, na haina kitu kingine cha kumfaa mmea. Katikati ya mwezi aliongeza majani ya chai yaliyotumika, kwa ushauri wa rafiki.

Mwisho nilifunua majani taratibu kwa vidole nikatazama katikati. Badala ya kichwa kimoja kulikuwa na vichwa vitatu vilivyosongamana. Machipukizi ya pembeni yalikuwa yameachwa yakakua yakawa mimea kamili, yakigombea chungu kimoja.

Kwenye simu yangu nina programu ya kupima mwanga. Si kipimo cha maabara, lakini inatosha kulinganisha sehemu mbili za chumba kimoja. Pale rafuni ilisoma laksi 120 (laksi ni kipimo cha mwanga). Karibu na dirisha la mashariki, nyuma ya pazia jepesi, ilisoma 5,800. Nilimwonyesha Mama K zile namba mbili, akanyamaza, kisha akasema: "Lakini mimi hapa nasoma gazeti vizuri tu, mwanangu."

Ni kweli anasoma. Jicho la mtu hufunguka na kufumba kufuata mwanga, kwa hiyo kona na dirisha vinaonekana kama vinakaribiana. Jani halina uwezo huo.

Maamuzi ya mwanzo, na kosa langu

Siku ile tuliamua mambo matatu.

La kwanza, urea isitumike tena, na chungu kisuuzwe. Tulikibeba hadi bafuni, tukamimina taratibu maji ya mvua yaliyokuwa kwenye ndoo ya baraza, kama mara nne ya ujazo wa chungu, hadi maji yaliyotoka chini yakawa meupe badala ya rangi ya chai. Sababu: chumvi na naitrojeni zilizorundikana zilikuwa zinafanya kazi mbili mbaya kwa pamoja, kuunguza mizizi na kuusukuma mmea utoe majani tu.

La pili, kumwagilia kubadilike. Chungu kiwekwe kwenye kisahani chenye maji yaliyokaa chumbani usiku kucha, kinywe kwa nusu saa, maji yanayobaki yamwagwe. Kisinyweshwe tena mpaka udongo wa juu ukauke ukiugusa kwa kidole. Mara moja kwa mwezi kinyweshwe kwa juu ili kusukuma chumvi chini, bila kulowesha kitovu cha mmea.

La tatu, mmea uhamie dirishani. Na hapa ndipo nilipokosea.

Niliuweka kwenye kizingiti cha dirisha la mashariki, karibu kabisa na kioo, na sikusema neno juu ya pazia. Mama K anapenda hewa ya asubuhi, kwa hiyo kila alfajiri hufungua pazia mpaka mwisho. Mwishoni mwa Februari jua la Dar huchomoza karibu sawa na mashariki, na lilikuwa linaingia moja kwa moja hadi baada ya saa tatu. Mmea uliokaa miaka zaidi ya miwili kwenye laksi 120 ulipigwa na jua kavu kwa siku tano. Siku ya sita alinipigia simu. Majani saba yalikuwa na mabaka meupe yaliyokuwa yakigeuka kahawia, makavu kama karatasi ukiyashika.

Alikuwa na huzuni, na alikuwa na haki ya kuwa nayo. Nilikwenda jioni ile ile nikamwomba radhi. Tuliurudisha nyuma sentimita 50 kutoka kwenye kioo, tukaweka kanuni kwamba pazia la neti halifunguliwi kabla ya saa nne. Majani yaliyoungua hatukuyakata yote kwa mara moja. Mmea uliodhoofika unahitaji sehemu ya kijani iliyobaki kwenye jani lililoharibika nusu. Tuliondoa matatu tu.

Aprili: kugawa mmea

Mvua za masika zilipoanza na joto kupungua, tuliamua kugawa vile vichwa vitatu. Hili halikuwa la haraka, ila lilikuwa la lazima. Vichwa vikisongamana, majani ya kimoja yanafunika kitovu cha kingine, na hakuna kinachopata mwanga hata ukiweka mmea mahali pazuri.

Tulipoutoa chungu, udongo ulitoka kipande kimoja. Mizizi ilikuwa imeshika theluthi ya juu tu. Theluthi mbili za chini zilikuwa tope jeusi lenye harufu ya kuchacha, na ndani yake majani ya chai ya miezi mingi. Wadudu wadogo weusi walirukaruka. Mama K aliziba pua kwa kanga, akaniuliza: "Kwa hiyo nilimjengea nyumba kubwa mno?"

Ndipo akanisimulia jambo ambalo nilipaswa kuliuliza Februari. Ule mche ulipotoa maua mara ya kwanza ulikuwa kwenye kopo la mtindi, kwenye dirisha la jikoni. Alipoyaona yale maua alifurahi sana, akasema mmea huu sasa ni wa sebuleni. Akanunua chungu cha kauri, akauhamisha, akauweka pale wageni wanapouona. Chungu kikubwa, kona yenye heshima, na mbolea ya kijana wake vilikuja ndani ya mwezi mmoja. Vyote vitatu alivitoa kwa mapenzi, na vyote vitatu viliondoa kile kilichokuwa kinaufanya uchanue.

Nilikaa kimya kidogo. Ningemuuliza siku ya kwanza tu, "Ulipochanua ulikuwa wapi?", ningelipata jibu karibu lote kabla ya kutoa simu mfukoni.

Tulivitenganisha vichwa kwa kisu cha jikoni kilichopitishwa kwenye moto. Kikubwa kilikwenda kwenye chungu cha plastiki cha sentimita 10, viwili vidogo kwenye vyungu vya sentimita 8. Kipimo ninachokifuata ni chungu kisichozidi theluthi ya upana wa mmea kutoka ncha ya jani hadi ncha ya jani. Mizizi ya dughulushi ni myembamba na haiendi chini sana, kwa hiyo udongo usiofikiwa na mizizi unabaki na maji hadi unaoza.

Udongo tuliuchanganya wenyewe: mafungu mawili ya vumbi la makumbi ya nazi lililooshwa mara tatu kuondoa chumvi, fungu moja la makapi ya mpunga yaliyochomwa hadi kuwa meusi bila kuwa majivu, na fungu moja la mboji iliyoiva, iliyochekechwa. Ukiufinya mkononi ukiwa na unyevu, ushikane, kisha uachie ukiugusa kwa kidole. Tulifunika kila chungu kwa mfuko wa plastiki mweupe kwa wiki mbili, tukiufungua kidogo kila asubuhi.

Baada ya hapo tukafika kwenye suala la mahali. Nilitaka vyungu vyote vitatu vikae dirishani. Mama K akakataa, akataka kimoja kirudi rafuni. Alisema ile kona bila dughulushi anaiona kama nyumba yenye msiba. Nikakubali. Mjukuu wake wa kidato cha tatu naye akaomba kimoja. Kwenye meza yake ya kusomea kuna taa mbili za mirija za LED, za wati 18 kila moja, zilizofungwa chini ya rafu ya vitabu. Tukaweka chungu chini yake, majani yakiwa sentimita 20 kutoka kwenye taa. Simu ikasoma laksi karibu 4,500. Mjukuu akafunga swichi ya saa: kuwaka saa kumi na mbili asubuhi, kuzima saa moja jioni.

Hivyo bila kupanga tukapata ulinganisho ambao wataalamu huupanga makusudi: mmea uleule kwa damu, udongo uleule, maji yaleyale, siku ileile ya kupandwa, na mwanga wa aina tatu. Tuliviita Dirisha, Rafu na Taa.

Mei hadi Agosti

Kwa wiki sita hatukutia mbolea yoyote. Kisha tukaanza mbolea ya maji yenye namba tatu zinazolingana, 20-20-20 (za naitrojeni, fosforasi na potasiamu), kwa robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kila wiki mbili. Mama K aliletewa na rafiki mbolea yenye fosforasi nyingi, iliyoandikwa kwamba inaleta maua. Nilimshauri asiitumie. Fosforasi si amri kwa mmea kutoa ua. Mmea unaopata fosforasi ya kutosha haufanyi lolote na ya ziada, ila inaongeza chumvi kwenye chungu.

Wiki ya tatu ya Mei, Taa ilitoa vitumba. Mjukuu alinitumia picha: kwenye kwapa la jani la tatu kutoka katikati kulikuwa na kitu kidogo kilichopinda kama fimbo ya mzee, chenye manyoya, na ncha yake nyekundu hafifu. Nilimweleza namna ya kutofautisha. Kwapa la jani linaweza kutoa kitumba au chipukizi. Chipukizi huonyesha vijani viwili vidogo vilivyotazamana tangu mwanzo, na linang'olewa kwa ncha ya penseli likiwa bado dogo. Kitumba huja kimeinama, na kikikua kinajinyoosha.

Vile vitumba vya kwanza havikufunguka. Vilikauka vikiwa na ukubwa wa punje ya mtama. Tulitafuta sababu siku mbili. Maji yalikuwa sawa, mwanga ulikuwa sawa. Mwishoni mjukuu mwenyewe aliweka mkono juu ya chungu usiku, akagundua upepo wa kiyoyozi unapiga pale moja kwa moja, mkavu na wa baridi, saa nane mfululizo. Akageuza mabawa ya kiyoyozi yatazame dari, akaweka chungu juu ya trei ya kokoto zenye maji, maji yasifike kwenye tako la chungu.

Ua la kwanza lilifunguka mwisho wa Juni, chini ya taa. Dirisha likafuata baada ya wiki tatu, katikati ya kipupwe, likiwa na vikonyo vinne vya maua kwa pamoja. Hapo ndipo Mama K alipompigia dada yake Lushoto kwa simu ya picha, akasogeza simu karibu na maua mpaka yakajaza kioo chote, na dada yake akabaki kusema tu, "Jamani. Jamani."

Rafu haikutoa kitu. Ilikuwa hai, kijani, imetoa majani matano mapya yenye vikonyo virefu.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Mwanga ndio ulioamua. Nalisema bila kusita kwa sababu ya Rafu. Ilipata udongo mpya, chungu kidogo, maji mazuri na mbolea ileile waliyopata wenzake, na haikuchanua. Kama shida ingekuwa urea peke yake, au chungu kikubwa peke yake, Rafu nayo ingetoa angalau kikonyo kimoja.

Hapa ndipo ile karatasi ya maelekezo inapotupoteza. Mama K alikuwa ameihifadhi karatasi moja aliyoipata kwenye duka la maua. Inasema mmea usiwekwe juani, uwekwe dirisha la kaskazini. Kwa mtu wa Hannover ni ushauri sahihi, kwa kuwa huko jua hupita kusini na dirisha la kaskazini halilioni kabisa majira ya baridi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Juni na Julai jua letu linapita upande wa kaskazini, na Desemba linapita kusini. Dirisha la kaskazini hapa lina jua wakati wa kipupwe. Anayetafuta dirisha lisilobadilika sana mwaka mzima atafute la mashariki, na aweke neti.

Tena neno "kivuli" linabeba mambo mawili tofauti. Kivuli cha mwamba msituni kiko chini ya anga. Mwanga unaingia kutoka juu na pande zote, umechujwa na majani, kwa saa kumi na mbili. Kivuli cha kona ya sebule kina ukuta nyuma, dari juu, na tundu moja la mwanga mbali. Mtu aliyesikia kwamba dughulushi ni ua la kivulini akaiweka kando ya televisheni hakukosea kusikia. Hakuambiwa kivuli kipi.

Kuacha urea kulisaidia pia, ila kwa namna ya kuondoa kizuizi. Naitrojeni nyingi kwenye mwanga mdogo hutoa majani makubwa na laini, na mtu anayaona akadhani mmea umeshiba vizuri, akaongeza. Hivyo ndivyo uzuri wa majani ya Mama K ulivyoficha tatizo kwa miaka miwili.

Majira nayo yalitubeba. Dughulushi hupenda joto la kati ya nyuzi 18 na 27 hivi. Usiku wa Februari Dar haushuki sana chini ya 25, na mchana unapita 30. Julai usiku unafika karibu 19. Tungegawa ule mmea Desemba, nadhani tungepoteza angalau kichwa kimoja. Ninachomshauri mtu wa pwani ni kugawa na kubadilisha udongo masika, ili mmea uingie kipupwe ukiwa umeshika.

Uchambuzi: tulichokosea

Kosa la kuunguza majani nimeshalisema, na ni langu. Mmea wa gizani unasogezwa kwenye mwanga kwa hatua, mita moja kila siku nne au tano, na kabla ya kuondoka nyumbani kwa mtu unapaswa kujua anafungua pazia saa ngapi.

Kosa la pili ni kubadili mambo mengi kwa pamoja. Maji, mbolea na mahali vilibadilika siku moja. Kama Mama K asingesisitiza kurudisha chungu kimoja rafuni, leo nisingeweza kusema kwa uhakika ni kipi kilicholeta maua. Ukaidi wake wa mapenzi ndio uliotupa ushahidi, na ninamshukuru.

La tatu ni kutokuuliza historia. Nilikagua jani, udongo, ukingo wa chungu, nikapima mwanga, nikasahau kumwuliza aliyeishi na mmea ule tangu ukiwa jani. Siku hizi swali la kwanza ninalomwuliza mtu, kabla ya kuinama, ni lini ulichanua mara ya mwisho na ulikuwa umekaa wapi.

Kuna na jambo moja nililoshindwa kulieleza mapema, likamkatisha tamaa. Baada ya Dirisha kuchanua, Mama K aliangalia yale majani ya zamani ya nje, akasubiri yatoe maua. Hayakutoa. Kwapa la jani la dughulushi kwa kawaida hutoa maua likiwa changa, na likishapita umri huo mara nyingi halirudii. Maua yanatoka kwenye majani mapya yaliyokua ndani ya mwanga wa kutosha. Kwa hiyo kuna pengo lisilokwepeka kati ya siku unayohamisha mmea na siku unayoona ua, maana lazima kwanza mmea ujenge majani mengine. Kwetu lilikuwa karibu miezi mitatu. Mtu asiyejua hilo anakata tamaa mwezi wa pili, anaurudisha mmea rafuni, au anaongeza mbolea.

Rafu

Oktoba Mama K alinipigia simu akasema yuko tayari. Tuliihamisha Rafu kwa hatua, siku kumi na mbili kutoka kona hadi chini ya taa ya mjukuu, na Taa ikaja kukaa kwenye kona kwa zamu, ikiwa tayari na maua yake. Nilimweleza kwamba mmea uliokwisha kufungua maua unaweza kukaa sebuleni wiki mbili bila kudhurika sana, kisha urudi kwenye mwanga. Hivyo kona yake haikuwa tupu.

Rafu ilitoa jani moja jipya, la pili, la tatu, vikonyo vyake vikipungua urefu kila mara, mpaka majani mapya yakalala chini kama sahani juu ya yale ya zamani yaliyoinuka. Ukiutazama mmea ule kwa juu ungeweza kuona mpaka kabisa, pale giza lilipoishia na mwanga ulipoanzia. Kitumba cha kwanza kilitoka kwenye kwapa la jani la nne lililoota baada ya kuhama, wiki ya pili ya Januari. Joto lilikuwa kali, ua likafunguka dogo kuliko ya Julai, na rangi yake imepauka kidogo. Mama K alilihesabia petali kwa kidole bila kuligusa. Zilikuwa tano.